Fundi, Nimemshusha Gitau kwenye Lori

Fundi Salim,

Ni mimi Chebet. Nakuandikia kutoka gereji, kwenye meza yako, wenzangu wakiwa wameenda kula. Tangu tukuzike watu wamekuwa wakiniambia niongee na wewe moyoni, lakini mimi siwezi kuongea na mtu asiyenijibu. Kuandika naweza. Ulinifunza mwenyewe kwamba lori likitoka hapa lazima liache karatasi nyuma.

Barabara mpya inakuja kweli. Ulisema utaamini ukiikanyaga. Trakta ziko kazini kila siku, miti ya pembeni imekatwa, vibanda vya viazi na karoti vimesogezwa nyuma, na kila wiki tunapitishwa njia tofauti. Mama Njeri, mwenye malori, alinipa mimi kazi ya kuyaandaa pamoja na madereva wake kabla barabara haijafunguliwa. Kila dereva ana fomu yake. Nikikataa kuweka sahihi, haendeshi. Nilimuuliza kwa nini mimi na si mtu mzima zaidi. Akasema, "Wewe ni wa Salim." Sikuuliza tena.

Kwa hivyo nilianza na malori. Lori la barabara ya zamani lilikuwa linapumzika bila mtu kulipangia: bampu hapa, shimo pale, foleni, mlima. Kwenye ile mpya litakimbia saa nzima kwa mwendo mmoja, na tairi zitachemka. Zile zilizovalishwa mpira upya, ambazo mimi na wewe tulikuwa tunafunga hata mbele, nimezikataa kabisa kwenye magurudumu ya mbele. Nimefungua breki za kila gurudumu kuzikagua. Nimewaambia madereva wasiniletee tena habari ya kukata matawi na kuyatandaza barabarani lori likiharibika. Kila lori lina vibao vyake vyekundu vya pembetatu, na kila dereva amevipeleka kwa miguu mbali nyuma ya lori mbele ya macho yangu. Walicheka. Nikawaacha wacheke, mradi watembee.

Madereva walikuwa kazi ngumu zaidi. Kukaa leni ya kushoto na kutumia ya kulia kwa kupita tu. Kuingia ukiwa tayari na mwendo, si kuchungulia kama mtu anayetoka kichochoroni. Kutosimama pembeni kununua makaa. Kutoteremsha lori mlimani likiwa nyutro, bila gia, hata siku moja, hata kama hakuna anayekuona. Na ukipita mahali pako pa kutokea, endelea mpaka pa mbele, usirudi kinyumenyume. Hilo la mwisho lilitumalizia asubuhi nzima. Mmoja aliuliza, na kama amepita kidogo tu? Nikasema kidogo ni kupita.

Mkulima mmoja wa Njoro alitupa shamba lake baada ya kuvuna ngano. Tulichora leni kwa chokaa, tukapanga mapipa, tukasimamisha vibao vya mbao: cha kuonyesha pa kutokea, cha mwendo, cha mishale. Madereva walizunguka mmoja mmoja, mimi nikiwa nimekaa kiti cha pembeni na fomu magotini.

Hapo ndipo nilipofika kwa Gitau.

Wewe huhitaji kuambiwa Gitau ni nani, lakini wacha niandike. Ni mtu aliyebeba viazi kutoka Kuresoi kwenda Nairobi tangu kabla sijazaliwa na hajawahi kugonga hata kuku. Ni rafiki yako wa kunywa naye chai kila alasiri. Si wa dini yako, lakini siku ya mazishi alishika jeneza lako upande wa mbele mpaka kaburini na hakukubali kupokewa.

Mzunguko wa kwanza aliangusha mapipa matatu. Nikasema ni uwanja, hajauzoea. Wa pili alipita pa kutokea bila hata kupunguza. Nilimwomba asimame. Mbele yetu, si mbali, kulikuwa na kibao. Nikamuuliza kimeandikwa nini.

"Imeandikwa Molo," akasema, bila wasiwasi wowote.

Kile kibao hakikuwa na neno, Fundi. Kilikuwa na mshale tu.

Nilimwambia. Alizima injini. Tulikaa pale, ngano iliyokatwa pande zote, wenzetu wakitutazama kutoka kwenye kivuli cha trela. Hakunikasirikia wala hakujitetea. Alisema, "Salim alijua," kama mtu anayenieleza kwamba lori lina historia ya kuvuja mafuta.

Nikakumbuka miaka yangu miwili ya kwanza hapa. Nikiwa nimeinama chini ya gari, unaniita: "Chebet, acha hiyo. Nenda na Gitau leo, ukamsikilizie giaboksi." Nilikwenda safari nyingi sana. Ukaniambia pia, "Ukiona kibao, msomee. Wazee hupenda kusomewa." Nilimsomea kila kibao kutoka Molo mpaka Kinungi. Pale Kikopey, siku ya ukungu, ng'ombe walivuka na mimi nikasema, "Mzee, ng'ombe," naye akakanyaga breki akasema alikuwa amewaona. Nilimwamini. Nilirudi nikakueleza jinsi giaboksi ilivyosikika, na wewe ukaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akingoja habari hiyo.

Giaboksi haikuwa na shida. Mimi ndiye niliyekuwa miwani yake.

Sijui nikuambie nini kuhusu hilo. Nimejaribu kukasirika na imekuja kidogo kidogo, kama mafuta ya mwisho kwenye mtungi. Nilijifunza mambo mengi kwenye zile safari. Najua sauti ya kila gia kwa sababu yako. Lakini mama yangu alikuwa Molo akidhani binti yake yuko gereji anafunzwa kazi, kumbe niko kwenye lori lililojaa viazi, na anayeendesha haoni ng'ombe.

Gitau alinieleza yote siku ile. Alisema macho yalianza kama moshi. Kwa sababu barabara aliijua kichwani, kila kona, kila bampu, kila mti, hakuhitaji kuona sana. Sasa miti haipo. Bampu zimehamishwa. Wiki iliyotangulia alipitishwa njia ya vumbi ambayo hakuijua, akamfuata mwenye basi kwa taa zake za nyuma mpaka lami ikarudi.

Kisha akaniomba kitu kimoja. "Niache mpaka ifunguliwe. Hii ya zamani naijua. Ikifunguliwa, nitashuka mwenyewe."

Nikwambie ukweli, nilikuwa na kalamu mkononi. Niliwaza kwamba wewe ungeweka sahihi. Niliwaza pia kwamba ningeweza kumtafutia msichana mwingine wa kumsikilizia giaboksi. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishuke. Nilienda kwa Mama Njeri, aliyekuwa amekuja kutazama mazoezi, nikamwambia palepale shambani Gitau haoni, na kwamba lori lake lirudishwe na dereva mwingine. Nilisema kwa sauti ya kawaida. Gitau alinisikia. Alirudi mjini amekaa nyuma ya pikapu na mapipa, ingawa mbele kulikuwa na nafasi.

Hakunisalimia kwa majuma kadhaa. Alikuwa akipita hapa nje akienda mtaa wa Rhonda kwa binti yake, na akifika mlangoni anageuza uso. Madereva wengine nao wakawa wananipa funguo bila kunitazama. Nilifanya kazi yangu. Kula nilikula peke yangu.

Binti yake ndiye aliyempeleka kwa daktari wa macho. Ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, pande zote mbili, na unaweza kutolewa kwa upasuaji. La kulia limeshafanywa. La kushoto linangoja. Mama Njeri amesema wazi kwamba hata likipona hatamrudisha kwenye lori kubwa, na Gitau hakubishana.

Jumatatu iliyopita nilikuwa nafundisha madereva hapa uani. Gitau aliingia na kitambaa kimefunga jicho, akakaa kwenye tairi. Sikujua amekuja kufanya nini. Nilipomaliza, alisimama akaomba kusema.

Aliongea kidogo sana. Alisema, "Mimi nimeendesha lori miaka mingi bila kuona. Nilikuwa najua barabara. Hiyo mpya hakuna mtu anaijua. Kama macho yako iko kama yangu, ambia huyu msichana kabla akuulize."

Akakaa. Mchana ule madereva wawili walikuja kwangu, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Nimewaandikia waende kupimwa. Mmoja ni yule aliyeuliza kuhusu kupita kidogo.

Jana nilienda kwa mkeo, Mama Zuhura. Nilikuwa nimeazimia nisimwambie, nikamwambia. Alinisikiliza huku akichambua mchele. Kumbe naye alijua. Alisema ulikuwa ukirudi nyumbani siku ambazo nimeenda na Gitau, huli mpaka usikie lori limefika. Nikamuuliza kwa nini basi hukumshusha rafiki yako. Akasema ulikuwa na hakika kwamba Gitau akiacha gari hatamaliza mwaka.

Basi ujue. Gitau ameacha gari, na asubuhi hii alikuwa hapa nje akilalamika kwamba rangi ya lori lake la zamani ni mbaya kuliko alivyokuwa akifikiri. Wewe ndiye uliyekufa, Fundi, na hukumwambia mtu kwamba kifua kinakuuma mpaka siku ya mwisho. Nyinyi wawili mlikuwa mkifichiana vitu vya kutibika.

Wenzangu wanarudi, nawasikia langoni. Mama Zuhura anakuombea kwa dini yenu, mimi nakuombea vile nilivyofunzwa kwetu Molo, na naamini dua zote mbili zinakufikia. Kazi yako naiendeleza, isipokuwa hiyo moja. Nakuahidi kwamba sitamwekea mtu sahihi eti kwa sababu nampenda. Na sitamkalisha mtu yeyote kiti cha pembeni bila kumwambia kwa nini yuko pale.

Pumzika sasa.

Chebet