Macho ya Mayu kwenye Fulana

Jumatatu, 7 Juni
Jenereta imegoma tena mpaka saa nne. Hapa studio nimepiga picha za pasipoti mbili tu. Mchana karudi yule mnunuzi mpya wa pamba. Anataka fulana za kugawia wakulima watakaomuuzia yeye. Siku hizi kampuni zinagombania watu. Hataki picha ya kawaida. Anataka mistari minene, kama imechongwa kwa kisu na kupigwa wino. Nikamwambia kompyuta inafanya. Nimetumia picha ya Mayu akivuna pamba kwetu Nkololo. Nani ana sura kama ya mama yangu? Mikunjo yake yote imekuwa mistari. Imependeza mno.

Jumanne, 8 Juni
Rangi mbili: nyeusi, na nyekundu ya kilemba cha Mayu. Kila rangi na karatasi yake ya kuchapia, na printa yangu hutoa nyeusi tupu, hata ile ya nyekundu. Karatasi ya nyekundu: kilemba, na vidoa viwili chini yake. Vumbi la skana, nikadhani. Basi la Mwanza lilikuwa linapiga honi. Nikazituma kwa wachapaji hivyo hivyo.

Jumatano, 16 Juni
Fulana zimefika kwa mnunuzi. Macho mekundu. Mungu wangu. Vile vidoa vilikuwa macho ya Mayu. Miaka yote anapikia miti ya pamba, moshi umemharibu macho. Kompyuta imeyaona, ikayaweka pamoja na kilemba. Nikamwomba mnunuzi asizigawe. Kacheka, eti yanavutia. Gari likaondoka nazo. Mjinga mimi! Huku kwetu kikongwe mwenye macho mekundu anaitwa mchawi, hata mtoto anajua.

Jumamosi, 26 Juni
Mizani ya kampuni inapunja. Kila mtu analalamika. Lakini gulioni wanasema kilo zinaliwa na yule bibi wa kwenye fulana. Na wanaosema hivyo wamekula ugali kwake. Washenzi.

Jumapili, 27 Juni
Nimekwenda Nkololo kwa baiskeli. Fulana imetundikwa kwenye ua wa minyaa wa nyumbani. Macho yamekatwa kwa kisu.

Nikamsihi Mayu twende mjini. Kakataa. "Mwanangu, nikiondoka leo watasema ni kweli. Na baba yako nimwachie nani?" Kaburi la Baba liko nyuma ya zizi. Nimemkasirikia, nikamwacha bila kuaga vizuri.

Nikapita kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikamweleza yote, moshi, skana, karatasi mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa. Kisha akauliza: "Kwa hiyo mashine nayo iliyaona?"

Nikapanda baiskeli.

Alhamisi, 1 Julai
Wamemuua Mayu. Mapanga. Jikoni kwake, sufuria bado mafigani. Hakuna aliyesikia kitu, wanasema. Majirani wote hao, hakuna aliyesikia.

Jumatatu, 5 Julai
Tumemzika pembeni ya Baba. Mnunuzi kahamia Mwandoya, fulana zake kaenda nazo.

Dada anaomba picha ya kuweka ukutani. Nimefungua ile ile, kabla haijachongwa. Nikafuta wekundu machoni. Yakawa meupe, safi. Nimemtazama muda mrefu. Simjui huyo mama.

Nikayarudisha yalivyokuwa. Ni moshi wa kutupikia sisi.

Kesho naituma Mwanza ikachapwe kwa rangi. Juu ya bahasha nimewaandikia: msiguse macho.