Beringi Zilizomvunja Tusajigwe Mkono

Jumamosi. Mvua imekatika asubuhi, lakini Kyela yote bado inanuka matope. Nina hasira iliyotulia, ile isiyopiga kelele.

Mdogo wangu Tusajigwe amejaribu tena kushona leo. Mkono wake wa kushoto umeunga vibaya. Kitambaa kinamponyoka, anakiokota, kinamponyoka. Hakulia. Alifunika cherehani akaenda kupepeta mchele.

Mimi nikaenda kuifungua pikipiki.

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua kakao, nami nikawa mmoja wao, hii pikipiki yangu ndogo ya njia za matope ndiyo miguu yangu. Inanifikisha Ikolo, Katumba Songwe, kokote gari lisikofika. Siku tuliyoanguka nilikuwa nimempakia Tusajigwe. Kwenye mteremko gurudumu la mbele liliyumba kama jino bovu, nikashindwa kulizuia. Watu walisema ni utelezi. Fundi Ambokile, ambaye alikuwa ametoka kulibadilishia beringi, alisema ni mwendo wangu. "Dada, wanawake mna haraka."

Nikakaa na neno hilo hadi leo.

Nimeinua mbele juu ya kreti la soda, nikashika tairi juu na chini, nikalitikisa. Likacheza. Nikalizungusha, likasaga kama kinu kilichoingia mchanga. Nikachomoa ekseli, nikatia kidole katikati ya beringi na kuizungusha polepole. Ilikwama, ikaachia, ikakwama tena. Nikazigonga zote mbili zikatoka, nikazifuta grisi.

Beringi mpya nilizonunua dukani kwa Mama Mwanaidi zilikuwa zimezibwa mpira mweusi pande zote. Hizi ziko wazi, zina kutu, na gololi moja imepasuka. Ambokile alichukua mpya zangu, akanifungia kuukuu na kuzizika kwenye grisi.

Sikunawa hata mikono. Nilikwenda nazo hivyo hivyo.

Jumamosi karakana yake hujaa watu. Nilimsalimu vizuri mbele ya wateja wake, nikamwekea beringi kiganjani.

"Fundi, nifungie hizi."

Akazigeuzageuza. "Dada, hizi zimekufa. Zitakuangusha."

"Sisemi kwangu. Zifunge kwenye pikipiki yako, kesho umpakie mama yako umpeleke kanisani."

Akacheka kidogo. Kisha akaona sicheki.

"Siwezi kumpakia mama na beringi hizi."

"Na mdogo wangu je? Nimezitoa sasa hivi kwenye gurudumu ulilofunga wewe."

Mama Mwanaidi, ambaye duka lake la vipuri linatazamana na karakana, alikuwa ameshasogea. Akasema bila kupaza sauti, "Mimi nilimuuzia mpya, Ambokile. Na wewe mwenyewe ulizipokea mlangoni kwangu."

"Ndaga, mama," nikamwambia. Sikuwa na zaidi ya asante.

Mteja mmoja akaisukuma pikipiki yake akaondoka. Akafuata mwingine, huyu ameshika gurudumu lake kwapani.

Nilifurahi. Nilifurahi kupita kiasi, nikatembea taratibu ili niwasikie wakiondoka nyuma yangu.

Jioni Ambokile amekuja nyumbani na beringi mbili mpya, zile zenye mpira. Hakuniangalia usoni. Amezifunga hapa uani, akigonga ukingo wa nje tu kama inavyotakiwa, kumbe kazi anaijua. Nimelitikisa gurudumu, halichezi. Nimelizungusha, kimya.

"Dada, nisamehe," akasema. "Naomba yaishie karakanani."

Tusajigwe alikuwa amesimama mlangoni. Hajawahi kumsemesha tangu tuanguke. "Beringi umerudisha, kaka. Mkono utarudisha lini?"

Ambokile akaokota spana zake akaondoka. Tusajigwe akarudi ndani. Nilidhani nitajisikia nimeshiba. Bado nina njaa.

Hayataishia karakanani.

Kesho nakwenda Ikolo, keshokutwa Katumba Songwe, kwa kila mtu ninayemjua aliyewahi kumwachia Ambokile gurudumu. Nitawafundisha kushika tairi juu na chini na kulitikisa, wasikie wenyewe. Wakiniuliza kama nafanya haya kwa kuwahurumia, nitaitikia ndiyo.

Ila humu daftarini siwezi kudanganya. Nataka akae karakanani peke yake, ajifute mikono isiyo na grisi, asubiri mteja.