Petroli ya Shangazi

Na hapana, baba mkwe hakumla yule kuku. Kuku bado yuko kwenye sufuria, Jumatatu hii ya baridi na wingu zito juu ya Sarang'ombe, na mimi nimekaa kando ya meza nimejifunika leso niliyopewa harusini kama mgonjwa. Firigisi nilikuwa nimeitenga. Kwetu Waluhya firigisi ni ya baba, na jana baba yake Wafula, mume wangu, alikuwa anakuja kuiona nyumba yetu kwa mara ya kwanza.

Hakufika. Sababu ni mimi, na yeye alidhani ni mwanawe.

Wacha nianze na mapenzi, maana ndiyo yaliyonifikisha hapa. Mimi bado ni bibi harusi. Bado naamka kabla ya Wafula ili nimtazame akilala mdomo wazi, na bado naona hakuna mwanamume anayelala vizuri hivyo. Nikienda dukani nasema "mume wangu" kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, hata kama nimeenda kununua kiberiti tu. Ana gari lake kuukuu la teksi ambalo analipangusa kila asubuhi, na nikikaa kando yake humo najiona nimepewa dunia.

Jumamosi shangazi yangu Nekesa alituletea zawadi ya harusi. Wengine walikuwa wameleta blanketi na vikombe. Yeye anauza mafuta kibandani kwake hapa Kibera, ya taa kwa wenye stovu na petroli kwa watu wa bodaboda, kwa hivyo alituletea mtungi mzima wa petroli, ameufunga utepe mwekundu shingoni. Nililia kwa furaha. Nilimkumbatia mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaanguka.

Shangazi alipoingia ndani kunywa chai, Wafula alifungua kifuniko, akanusa.

"Mpenzi, hii inanuka stovu."

Nikanuna. Nikamuuliza kama vitu vya watu wetu vitakuwa vinamnukia hivyo kila siku, au ni leo tu.

Ukweli ni kwamba hata mimi niliisikia ile harufu. Nilikulia kwenye kibanda kile. Nikiwa shuleni nilikuwa namsaidia Shangazi kupimia wateja, na najua mitungi yake haina kazi moja. Leo ni petroli, kesho ni mafuta ya taa, kutegemea kilichoisha, na kinachobaki chini hakimwagwi. Nilijua. Lakini Shangazi alikuwa ametoka tena na kikombe chake, anatutazama kwa tabasamu, na nilitaka aone mume wangu amepokea.

Akamimina yote kwenye tangi. Ananipenda kiasi hicho.

Jana gari liliwaka kwa shida. Tulifika Kawangware kumchukua baba mkwe, gari likigonga kama mtu anayepiga sufuria kwa mwiko. Baba alikuwa anatungoja nje na koti lake la kanisani. Nilimsalimu kwa mbali nikiinama, bila kumpa mkono, jinsi mke wa mtoto anavyopaswa, kisha nikahamia kiti cha nyuma nikajibana mlangoni. Kwenye mwinuko wa Barabara ya Naivasha gari likakohoa, likatoa moshi mweupe wenye harufu ya jikoni, likazima.

Halikuwaka tena.

Gereji iliyo karibu haikuwa mbali, lakini Wafula hangeweza kusukuma peke yake. "Njoo ushike usukani," akaniambia. "Unyooshe tu." Jamani, kwetu mke wa mtoto hakai hata kwenye kiti ambacho baba mkwe ametoka kukikalia. Na mimi nikaketi mbele kama malkia, huku baba mkwe amevua koti, ameinamia buti la gari, ananisukuma mbele ya watu waliokuwa wanatoka kanisani.

"Mzee, unamsindikiza bibi harusi?" kijana mmoja akauliza, na wenzake wakacheka.

Nilimwona Baba kwenye kioo. Nikaacha kutazama kioo, gari likaanza kuelekea mtaroni, naye akapiga buti kwa kiganja. "Mama, nyoosha." Sauti yake ilikuwa ya upole. Ingekuwa afadhali angefoka.

Kwenye gereji fundi alikinga mafuta kwenye karai, akachovya kidole, akanusa, akamgeukia Wafula. "Buda, hii ni mafuta ya taa, ya stovu ya kukaangia mandazi."

Baba akajifuta jasho. "Nilikwambia ununue ng'ombe. Ng'ombe hasukumwi." Kisha akauliza, "Umenunua wapi hii takataka?"

Wafula hakunitazama hata kidogo. Alisema ameinunua kando ya barabara, mahali pa rahisi.

"Mtu ameoa na bado anatafuta vya rahisi," Baba akasema. "Nitakuja kwako siku utakapokomaa." Akachukua koti lake, akarudi zake nyumbani kwa miguu.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Mdomo ninao. Nilinyamaza.

Wafula aliniambia tukirudi kwamba watu wangu ni watu wake, kwamba hangekubali jina la Shangazi litajwe gereji, na kwamba mzee atasahau. Aliyasema hayo huku amenishika mkono, na mikono yake inanuka mafuta ya taa. Nimempenda zaidi, na nimejichukia zaidi. Leo hana gari, tangi bado linasafishwa, na mbele ya baba yake hana heshima. Ameilipia zawadi yangu kwa jina lake.

Mchana huu alipotoka nilimpigia Baba simu. Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema tu, "Baba, mafuta yalitoka kwetu. Wafula alikataa, mimi ndiye niliyemlazimisha."

Nilisikia akivuta kiti akae.

"Mbona hukusema pale gereji?"

Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Jibu hilo si la kutolewa kwa simu, nikiwa nimejificha nyumbani mwangu. Nikamwambia kabla mwezi huu haujaisha nitafika Kawangware, kwa miguu, nimjibu nikiwa nimesimama mbele yake na Wafula akisikia.

Akasema nije.

Nitaenda.