Mama, Baba Amefika Kwenye Maporomoko

Mwaka mmoja umetimia sasa, Mama, tangu asubuhi ile ya Julai ulipoanguka uani hapa Kimamba, uzi bado uko mdomoni. Presha haikukupa hata nafasi ya kutuaga. Shati la shule la mtoto wa jirani lilibaki kwenye cherehani, mkono mmoja umeshonwa, wa pili bado.

Tunamkumbuka fundi ambaye hakumpa mtoto sare yake mpaka aseme shikamoo ikasikika. "Hiyo umemwamkia nani, kuku?" ulikuwa unauliza, na mtoto anarudia huku anacheka. Ulipenda kutembea, ulipenda utani, na zaidi ya yote ulipenda kusimulia. Hapo kwenye kusimulia ndipo Baba anapoumia.

Maana wiki tatu kabla hujatutoka, ulitukokota wote kwenda kuona maporomoko ya maji msituni, milimani kule upande wa Kidodi. Baba alibaki chini kwa rafiki yake, anakunywa chai na kuangalia malori ya miwa yakipita. Alisingizia goti. Goti lilikuwa zima, Mama, ameungama mwenyewe. "Maji ni maji," alisema, "hata bombani yapo." Ukapanda bila yeye, ukarudi umelowa mpaka kilemba, na ndani ya gari ukaanza kumsimulia. Tunafika Mikumi, mzee wa watu anakoroma. Ukamtazama, ukatikisa kichwa, ukasema, "Haya, nitakumalizia siku nyingine." Siku hiyo hukujaliwa kuiona.

Tangu tukuzike, simulizi ile haimpi usingizi. Ametuuliza mmoja mmoja, "Mama yenu aliona nini kule? Niambieni hata kidogo." Tukamwambia tulichojua: maji, mawe, baridi. Akasema hapana, sicho hicho. Kila Jumamosi anaitia mafuta cherehani yako, na hata kutunga uzi hajui. Tukimpigia simu anasema yuko salama, halafu anakata upesi. Hayuko salama, Mama. Ni mpweke, nasi kazi zetu zimetuweka mbali, na tunaona haya kulisema.

Wiki iliyopita akatangaza kwamba anataka kupanda. Miaka sabini na moja! Samson, mwanao unayeujua ukali wake, akakataa katakata. "Basi nitakwenda kwa bodaboda," Baba akamjibu. Tungefanyaje? Jumamosi tukakodi gari, tukaenda.

Njia unaijua ilivyo, mizizi na utelezi mtupu. Simoni, kijana aliyetuongoza, kila baada ya hatua chache anasema, "Mzee, tupumzike." Baba anahema, lakini mdomo hauna uzee: "Nani kakwambia nimechoka?" Alimshika mkono mjukuu wako Happiness, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kando yako hatua kwa hatua siku ile, akawa anamhoji njia nzima.

"Bibi yako alisimama wapi?"

"Hapa, babu. Akavua viatu."

Naye akavua vyake.

"Na hapa alisema ungekuwepo ungelalamika."

"Nisingelalamika," Baba akasema, na huku analalamikia mawe. Tukacheka wote, kwa mara ya kwanza mwaka mzima.

Kule juu Happiness akamwonyesha jiwe ulilokalia. Baba akakaa. Maji yale yana kishindo, watu wanaelewana kwa mikono tu. Akayatazama muda mrefu, manyunyu yanamlowesha kofia, hata kujifuta hakujifuta. Kisha akaita kwa sauti yake yote: "Sesilia!"

Jamani, Mama, tulishtuka. Miaka arobaini na miwili ya ndoa, hakuna mtoto wako aliyewahi kumsikia akikutaja kwa jina. Ulikuwa Mama Vaileth, na siku ukimuudhi, mama huyu. Akaita tena: "Sesilia, nimekuja!" Vaileth akataka kumsogelea, Baba akamzuia kwa mkono. Halafu akajisogeza taratibu mpaka ukingoni mwa jiwe, akaacha nafasi ya kukaa mtu mmoja. Tulikuwa tisa pale, na tulikuwa tumechoka. Hakuna aliyethubutu kuikalia.

Unakumbukwa na mume wako, Mzee Lupakisyo, wanao Vaileth, Samson na Yudith, mkweo Cosmas, mjukuu wako Happiness na wadogo zake, mdogo wako Paulina wa Mabwerebwere, na majirani wa Kimamba, ambao watoto wao bado wanakwenda shule na mishono yako mabegani.

Tutakukumbuka siku zetu zote, Mama.