Picha Isiyosafishwa

Jumamosi, Machi 1999. Mji wa Kale, Mombasa.

Joto la leo limeingia ndani likakaa kama mgeni asiyeaga. Mimi sijambo. Nimeoga, nimekula vizuri, na mchana tumenunua kamera. Naandika jinsi tulivyoichagua kwa sababu mambo hayakwenda kama nilivyoyapanga.

Tangu mama afariki, baada ya Idi iliyopita, nimekuwa nikitafuta picha yake. Ipo moja tu, ya kitambulisho. Amekaza shingo na macho yamemtoka kwa ule mwanga, kama mtu anayehojiwa kituoni. Mama hakuwa hivyo. Akicheka alijiziba mdomo kwa ncha ya leso. Kila Alhamisi jioni alisuka nywele akatia asumini, na ngazi nzima ikanukia.

Hayo hayamo kwenye kitambulisho.

Kulikuwa na sababu. Picha za filamu lazima zipelekwe studio zikasafishwe, na wasafishaji ni wanaume. Zamani bibi harusi mmoja wa mtaani kwetu alipigwa picha amepambwa, mbele ya wanawake wenzake tu. Haukupita muda, picha ile ikaonekana imewekwa kwenye kioo cha studio, wapita njia wakiitazama. Tangu hapo mama na mdogo wake, Mama Mdogo Rukia, hawakukubali kupigwa picha ndani ya nyumba. Watoto walipigwa. Wao walisogea pembeni.

Sasa amebaki Mama Mdogo, na ndiye ninayeishi naye. Ana kipaji cha uso cha mama, na huketi kama alivyoketi mama, mguu mmoja chini ya mwingine. Nataka picha yake ya nyumbani, bila buibui, nisije nikabaki na kitambulisho kingine.

Kaka yangu, niliyechanga naye pesa, anajua tunanunua kamera ya kuwapiga picha watoto wake. Ni kweli pia.

Nilikwenda duka la Bwana Taher, karibu na Barabara ya Digo. Mama Mdogo akafuatana nami. Alisema ana haja ya uzi.

Bwana Taher aliweka mezani kamera mbili, zote za aina mpya, zisizotumia filamu. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama redio, na picha zake huingia kwenye disketi. Aliisifu sana. Unaitoa disketi, akasema, unaitia kwenye kompyuta yoyote mjini, na picha zako hizo hapo.

Kwake ilikuwa sifa. Mimi nilikumbuka ofisini kwetu Mbaraki, disketi zinavyohama kutoka meza hii kwenda ile, hakuna anayejua ni ya nani, na mtu akiiokota huifungua aone kuna nini.

Ya pili ilikuwa ndogo. "Hii sikufichi, dada, ni duni," akasema. "Picha chache tu, nazo zakaa tumboni mwake. Ukitaka kuziona kubwa, utie waya kwenye televisheni."

"Na filamu yake yasafishwa wapi?" Mama Mdogo akauliza, uzi keshausahau.

"Haina filamu, mama. Haisafishwi."

"Basi picha zitabaki chafu?"

Bwana Taher akacheka. "Zatoka safi zenyewe. Hapana msafishaji."

"Hapana msafishaji. Na wewe huzioni?"

"Nitazionea wapi, mama? Zimo humo humo."

"Waapa?"

"Mimi nauza kamera, siuzi siri za watu."

"Hata yule wa studio alikuwa na maneno matamu," akasema Mama Mdogo, akarekebisha buibui lake.

Nikaichukua ile duni. Kabla hatujatoka nilimwomba Bwana Taher anionyeshe jinsi ya kufuta picha, nikahakikisha Mama Mdogo anasikia. Nilidhani hilo litamlainisha.

Baada ya alasiri nilifunga dirisha la barabarani, nikachomeka waya kwenye televisheni. Mama Mdogo aliketi kitandani na leso yake kichwani. Sikumbembeleza. Nilimpiga picha moja tu, na uso wake ukatokea kwenye televisheni, mkubwa, umetulia. Kipaji kile kile. Mimi nilitosheka.

Aliutazama kwa muda.

"Futa," akasema.

Sikulitarajia hilo. Nilibonyeza pale nilipoonyeshwa, na kamera ikauliza swali kwa Kiingereza, ambacho Mama Mdogo hasomi. Ningeweza kujibu hapana, nikazima televisheni, nikamwambia imekwisha, naye asingejua maisha yake yote. Nililifikiria hilo kwa dhati. Picha niliyoitaka tangu msiba ilikuwa mbele yangu, na sikujua kama atakubali nyingine.

"Yasemaje?"

"Yauliza kama tuna hakika."

"Iambie tuna hakika."

Nikafuta.

Televisheni ikabaki buluu. Mama Mdogo aliinuka akaenda kuchungulia nyuma yake, kwenye waya. Kisha akaichukua kamera akaigeuza huku na huku, kama anayekagua papai sokoni.

"Iko wapi sasa?"

"Haipo."

"Hata kwa Taher?"

"Hata kwa Taher."

Alirudi kitandani, akakunja mguu. Akaivua leso, akachomoa vibanio kimoja kimoja akavishika mdomoni, na nywele zikashuka mabegani, nyeupe zaidi ya nilivyodhani.

"Haya, piga," akasema na vibanio mdomoni. Kisha akavitema mkononi. "Hii uiweke."

Kwa hiyo ninayo. Rangi zake ni hafifu, na nyuma yake unaonekana waya wa pasi. Bwana Taher alisema kweli, kamera ni duni. Nimeitazama mpaka televisheni imepata moto.

Wakati wa chakula nilimkumbusha kwamba kaka ataitaka kamera kwa ajili ya watoto. Akauliza kama picha yake itakuwa bado imo tumboni. Nikasema imo. Akaendelea kula. Baadaye akasema basi ikitoka, naye atatoka nayo, na magoti yake hayawezi ngazi za nyumba ya kaka.

Kaka atanuna kidogo. Kesho nitampitia nimwambie awe akiwaleta watoto hapa, wapigwe picha mbele ya Mama Mdogo, naye awatazame kwenye televisheni.

Kamera haitoki.