Koti Alilolishona Mama Yap

Kijijini, kusini mwa China
2 Machi 2025

Koko wangu,

Jambo sana. Goti linakuacha ulale? Na mashini yako mpya, imeacha kukata uzi? Mimi mzima, nakula mpaka suruali inanibana. WhatsApp huku haishiki, kwa hiyo nitakuandikia kwa imeili ya Victoire. Najua atakusomea saluni, akimaliza kichwa kimoja kabla ya kingine.

Tumefika kijiji alikozaliwa mama yake Bwana Yap. Mtu ambaye sinema zake zinatazamwa dunia nzima, ameishi Beijing miaka thelathini, na hapa hajawahi kukanyaga! Anasema aliogopa kuulizwa, "Wewe ni wa wapi?" Angejibu nini? Doornfontein ya Johannesburg?

Mimi ndiye ninayetengeneza sinema juu yake, lakini siku tatu za kwanza alinikataza kutoa kamera. "Kaa kwanza," ananiambia, "wakuzoee." Tukakaa, tukamenya vitunguu saumu. Siku ya nne mama yake mdogo, bibi wa miaka themanini na tatu, akanivuta mkono mwenyewe: washa sasa.

Sehemu yako, pale unaposimulia ulivyomvika marehemu mama yake kwa mazishi, nitaiweka mwisho. Bwana Yap ameitazama mara nyingi kuliko nilivyohesabu. Halafu hutoka nje kuvuta sigara.

Mjukuu wako,
Carmel

*

Doornfontein, Johannesburg
9 Machi 2025

Carmel, mtoto wa mtoto wangu,

Victoire anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asirembe. Goti linauma, mimi pia naliuma, tunaishi hivyo. Mashini ni nzima. Suruali ikikubana, vizuri! Uliondoka hapa mifupa inaonekana mpaka kwa walio ng'ambo ya barabara.

Sasa sikiliza. Unamwita Bwana Yap. Nani huyo? Ni Wesley. Mimi namwita Wesi tangu hajapata mvi. Alikuja kwenye karakana ya kushona ya mama yake akitoka masomoni, akakaa karibu na meza ya pasi mwezi mzima, mikono mitupu. Nikamwambia mama yake, mwanao huyu hana kazi? Siku alipotoa kamera, mimi nilishasahau kuwa yupo. Alipiga mikono yangu tu, nikipindua kola. Nilipoiona ile picha ukutani, kubwa kama mlango wa gereji, nililia. Mimi! Shule sikuwahi kuingia hata kwa dirisha, na huyu mtu alinitazama kama mwalimu wake. Hajui kutia chumvi, hajui kudanganya. Jifunze kwake, uache haraka yako.

Na mama yake! Mwaka 2008, mtaa wa Alexandra ulipoanza kuwaka na watu wakawa wanasaka wageni wawaue, alishusha lile geti la chuma tukiwa ndani mafundi wanane. Siku tisa. Alitupikia nyama ya nguruwe na mboga za kukausha. Nguruwe sikuwahi kula tangu nitoke Bukavu. Nilikula nikalamba kijiko. Watu walikuja kugonga, akawajibu kwa dirisha, mwanamke mfupi vile, "Hapa hakuna mtu, kuna mashini zangu."

Ndiyo maana alipokufa nilimvika mimi. Wesi alikuwa bado kwenye safari, alinipigia simu: "Mama, hana binti. Umvike wewe." Koti la kuzikwa alishalishona mwenyewe, limekaa kabatini miaka, ila hakulimaliza, macho yalikuwa yamekwisha. Nikalimaliza. Wesi alipofika sanduku limeshafungwa. Alinishika mikono hii miwili mbele ya watu wote. Hata marehemu babu yako hakuwahi kunishika hivyo.

Kula. Vaa soksi.

Koko wako

*

17 Machi 2025

Koko mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwenye mvua isiyokatika. Unaendeleaje? Victoire amepona mafua?

Jana nimepata kitu kizuri sana. Bwana Yap (haya, Wesi) alikuwa ameenda mjini. Mama yake mdogo aliniita chumbani, akafungua sanduku la mbao, akanionyesha nguo zake za kuzikwa! Huku si mkosi. Mzee huziandaa mapema, na anaamini zinamwongezea umri. Alizivaa mbele ya kamera, akageuka kama bibi harusi. Koti la buluu nzito, nalo halina kifungo hata kimoja. Limefungwa kwa vikamba vya kitambaa tu. Alinieleza, kwa Kichina ninachokielewa kidogo, kwamba ndivyo inavyopaswa, mama zao wote walikwenda hivyo, na dada yake aliyehamia Afrika lazima alishona la kwake namna hiyo hiyo. Nikamwuliza, na mtu akizikwa na koti la vifungo? Alinitazama kama nimesema mtu akizikwa bila kichwa. "Nani atamfanyia mzazi wake hivyo?"

Nikakukumbuka wewe na koti la Mama Yap. Lilikuwa kama hili? Niambie, nitaunganisha picha hizi na maneno yako.

Mjukuu wako,
Carmel

*

8 Aprili 2025

Koko,

Wiki tatu kimya. Unaumwa? Victoire anajibu tu "eish, Koko yupo," basi.

Ijumaa ilikuwa siku ya kusafisha makaburi. Wesi aling'oa majani kwenye makaburi ya babu zake, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake nzuri. Alikutaja. Alimwambia mama yake mdogo, "Wa kwetu hakwenda peke yake. Fundi wake alimvika kama binti." Mama mdogo akaitikia kwa kichwa, kwa shukrani, mpaka nikaona aibu kwa furaha.

Nijibu, hata neno moja.

Carmel

*

Doornfontein
20 Aprili 2025

Carmel,

Siumwi. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kusema, na hakuna namna. Victoire, andika kama ninavyosema, futa machozi yako baadaye.

Niliweka vifungo.

Vitano, vya shaba. Nilivitoa kwenye koti langu la kanisani.

Wewe si fundi, nikueleze. Sisi, nguo ya mteja ikisubiri vifungo, tunaishikiza kwa vikamba ili kifua kisivutike. Mteja akileta vifungo, tunakata vikamba. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Nilipofungua kabati nikaona koti lina vikamba vitano, nikasema, maskini mama, hakufika kwenye vifungo. Nikachukua mkasi. Nikavikata. Mshono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, nami nikaukata! Nikapiga matundu kwa mkono, moja baada ya jingine, nikijisifu kichwani. Kwetu mama haendi kaburini kifua hakijafungwa sawasawa, kama mtu aliyekimbia moto.

Na aliwahi kunionyesha. Mwaka mmoja kabla ya kufa alilitoa, akashika vile vikamba, akavifunga, akavifungua, akanitazama usoni. Nikamjibu, "Ndiyo mama, nitamaliza." Akatabasamu. Alifikiri nimeelewa.

Mimi ndiye niliyemfanyia mzazi wa mtu hivyo. Na Wesi anaendelea kunisifu makaburini huko, kwa watu wake. Kila akipita Joburg ananiletea chai, ananiita Mama. Ni nani mwingine aliyenibakizia jina hilo, tangu baba yako afe? Nitampoteza, najua. Lakini siwezi kunywa chai ya mtu niliyemdanganya, hata kama nilimdanganya bila kujua. Sasa najua.

Msomee barua hii. Yote. Usilainishe. Ukinificha, usirudi kwangu na hiyo sinema yako.

Koko

*

Guangzhou
11 Mei 2025

Koko wangu,

Natumaini umepata usingizi. Mimi sikupata.

Nikuambie ukweli kama ulivyoniambia. Nilikaa na barua yako siku kumi na mbili kwenye simu mfukoni. Nilijisemea, nani atajua? Sinema imeshakuwa nzuri, mwisho wake ni wewe. Halafu nikaona naanza kufanya kazi kama mtu ambaye Wesi hawezi kumheshimu.

Nilimsomea mezani, mama yake mdogo akiwepo. Wesi alimtafsiria mwenyewe, sentensi kwa sentensi. Kwenye mkasi aliniomba nisome tena, ndipo akaendelea. Bibi aliuliza jambo moja tu: "Huyo fundi bado ana macho ya kutunga uzi?" Nikasema ndiyo.

Wesi aliinuka mezani. Asubuhi alikuwa ameondoka. Nimehamia Guangzhou kuhariri. Simu hapokei, barua hajibu. Koko, sijui nikuambie nini. Umesema kweli, nami ninakupenda kuliko sinema yoyote.

Carmel wako

*

Doornfontein
17 Agosti 2025

Carmel, mwanangu,

Habari za huko? Hapa vumbi na upepo, midomo imepasuka kwa baridi, lakini tu wazima.

Amekuja.

Miezi mitatu kimya, halafu Jumanne ninainua kichwa kwenye mashini, Wesi yupo mlangoni. Amekonda. Kamera hana. Nikamwambia, "Tukana kwanza, halafu kaa." Hakutukana. Alikaa pale karibu na pasi, nami nikaendelea kushona zipu ya mteja, nikaiharibu, nikaifumua.

Baadaye akasema, "Mama, nilikasirika sana."

Nikasema, "Una haki."

"Si vifungo vilivyonikasirisha. Niliposomewa, nilijua wewe unalijua koti lile mshono kwa mshono. Mimi mwanawe sijawahi kuliona. Alilishona miaka yote hiyo, nami sikuwahi hata kumwuliza anashona nini. Niambie lilikuwaje."

Nikamwambia yote. Kola, urefu wa mkono, mahali alipokosea akafumua. Nilichora kwa chaki mezani. Alisikiliza kama alivyokuwa akitazama mikono yangu zamani. Ndipo akafungua begi: mama yake mdogo ametuma kitambaa, buluu nzito, na ujumbe kwamba nilishone koti lile upya, tulichome kaburini, litamfikia marehemu kwa moshi. Na lisishonwe na mwingine.

Nilishona siku nne. Wesi alikuwa anapiga pasi, vibaya kabisa. Nikamwambia dunia inakupigia makofi na mikunjo hii? Akacheka, mara ya kwanza.

Ile sehemu yangu kwenye sinema usiikate. Watu wanione nikijisifu. Kisha weka barua yangu hapo hapo, isomwe na Wesi mwenyewe. Amekubali. Amesema asiyeonyesha kosa la mtu anayempenda hajamwonyesha mtu huyo. Mimi nilimwambia aache maneno makubwa, Victoire hawezi kuyaandika.

Leo tulikwenda makaburini, sisi wawili. Nilifunga vikamba vyote vitano mwenyewe, taratibu. Wesi alipiga magoti kuwasha. Upepo ukazima kiberiti, mara moja, mara tatu. Nikamwambia, "Mwanangu, sinema unaijua, moto huujui. Lete."

Akanipa kiberiti, akashika goti langu bovu nisianguke. Nikawasha.

Koko wako