Maji Niliyompelekea Baba

Kedowa,
21 Septemba 2025

Kwa dada yangu mpendwa Chemutai,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini hamjambo hapo Nakuru, na kile kikohozi cha mwanao Kiptum kimeisha. Sisi tu wazima, ila goti langu, na nyumba ambayo bado inangoja Baba akohoe asubuhi.

Kinamasi chake kinarudi. Unakumbuka alivyotuvua viatu pale, akisema maji hayakanyagwi na raba? Mwezi wa pili alikuja Janeffer, wa kikundi kinachosaidia wenye mashamba kufufua vinamasi. Alitazama mikaratusi yangu, akasema mti mmoja hunywa kama mlevi aliyelipwa leo. Jirani yetu Mochama, aliyeleta msumeno, akanitania kwamba kumbe nimekuwa nikiendesha baa bila leseni. Nilicheka nao. Tulikata miti yote, tukaziba mtaro uliokuwa ukikausha kinamasi, tukapanda matete. Mvua ikaja, chemchemi ikafunguka. Jana nilisikia vyura.

Siku ile Janeffer alitoa fomu, akauliza ni nani aliyechimba mtaro. Nilisema ni marehemu Baba.

Dada, ni mimi. Miaka minne ile Baba aliyokaa kwako akitibiwa, nilikausha mahali pale nipande miti, kiwanda cha chai kinunue kuni. Kila alipopiga simu kuulizia chemchemi, nilimwambia imejaa mpaka inamwagika. Kisha ukaniambia amelazwa, hataki chochote ila maji yake. Nilijaza kibuyu chake kwenye bomba la sokoni.

Alimeza funda moja. Akanirudishia kibuyu, akanishika mkono, akasema nisijisumbue kubeba tena.

Alijua.

Kwenye mazishi ulisimama ukawaambia watu kwamba Baba aliondoka akiwa amekunywa maji ya chemchemi yake. Kanisa zima lilisema amina. Nami nilisema.

Fomu nimeirekebisha, jina ni langu. Mochama ameisoma, hajatania tena. Maji sasa ni mengi, na aliyeyaomba hayupo. Siwezi hata kuyachotea chai.

Ukija Desemba nigombeze, lakini usininyamazie kama yeye. Kabla ya hayo, vua viatu, ushuke ukanywe kwa niaba yake. Kibuyu nilikirudisha pale alipozoea kukitundika.

Nisalimie watoto. Na hata ukinikasirikia, dada, ukiomba, unikumbuke.

Mdogo wako,
Chepkurui